Mwanafunzi Asiogope Kwenda Kwao

Sheria ya Marekani yamtaka kijana wa kigeni aombaye viza ya masomo, ile iitwayo F-1, athibitishe kwamba anayo makao katika nchi yake na kwamba hana nia ya kuyatupa. Akishindwa, hunyimwa. Shabaha yake twaielewa: aende, asome, kisha arejee. Wala hatuna ugomvi nayo, maana wazee walikwisha sema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Lakini kijana huyo huyo, akiisha kupokewa chuoni, akitaka kwenda kumzika baba yake au kuwaamkia wazazi wakati wa likizo, huona kwamba safari ya kwao ndiyo yenye hatari kupita zote. Hapo ndipo penye kasoro.

Wengi hudhani viza ni ruhusa ya kukaa. Sivyo. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni na kuomba kuingia. Mwanafunzi ambaye viza yake imekwisha muda aweza kuendelea na masomo bila kuvunja sheria, maadamu atimiza masharti ya masomo yake. Akitoka nje, mambo hubadilika. Yampasa awe na pasipoti halali, na fomu ya I-20 iliyotiwa sahihi ya safari na afisa wa chuo. Na ikiwa viza imekwisha, hana budi kuomba mpya. Kwa safari ya Canada au Mexico isiyozidi siku 30, wengi husamehewa sharti hilo la viza. Kwa safari ya Nairobi, Bujumbura au Dar es Salaam, hakuna msamaha.

Katika mwaka 2025 mlango ulizidi kuwa mwembamba. Mwezi wa Mei upangaji wa mahojiano mapya ya viza za wanafunzi ulisimamishwa. Ulipoanza tena mwezi wa Juni, maafisa waliagizwa kupekua maandishi ya waombaji katika mitandao ya kijamii. Mwezi wa Septemba waombaji waliagizwa kuomba viza katika nchi zao au wanakokaa. Tangazo la Rais Trump la tarehe 4 Juni liliwazuia raia wa Burundi kupewa viza za masomo. Na lile la tarehe 16 Desemba liliiongeza Tanzania, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Viza zilizokwisha kutolewa hazikufutwa na matangazo hayo. Hata hivyo, ni mzazi gani atakayemwita mwanawe msibani, hali viza yake imebakiza wiki mbili?

Kila dola ina haki ya kulinda mlango wake, na wapo wageni waliokwenda kusoma wakapotelea huko. Hilo hatulikatai. Lakini mwanafunzi aliye katikati ya masomo si mgeni asiyejulikana. Amekwisha kuhojiwa, karo amelipa, na chuo chake hutoa habari zake kwa Serikali. Kumfanya aogope kutoka si kumlinda asilowee, bali ni kumfundisha kulowea. Miaka minne bila kuwaona jamaa hulegeza kamba ile ile ambayo sheria ilimtaka aithibitishe siku ya kwanza.

Dawa ipo. Mwaka 2024 Marekani ilijaribu kuwapa baadhi ya wafanyakazi wa kigeni viza mpya wakiwa humo humo nchini, kabla ya kusafiri. Lililowezekana kwa mfanyakazi laweza kuwezekana kwa mwanafunzi. Serikali zetu na zidai jambo hili kwa jina lake: mwanafunzi aliyekwisha kuanza masomo apewe njia ya kwenda kwao na kurudi.

Kwa vijana wetu walioko huko twasema: kabla ya kununua tikiti, nendeni kwa afisa wa chuo, mwonyesheni pasipoti, viza na I-20, na sahihi ipatikane mapema. Na kwa wazazi twasema: mtoto asiyefika matangani msimhukumu upesi kuwa amewasahau. Huenda moyo wake uko njiani, na karatasi ndiyo iliyomzuia.