Tuzo Haziandiki Riwaya

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga, na sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeikariri methali hiyo tangu sekondari bila kuuliza mchezaji hutunzwa lini. Aliyewahi kuhudhuria taarabu au ngoma ya harusi analijua jibu. Hutunzwa akiwa bado anaimba, jasho linamtoka, na wimbo unaendelea. Hakuna anayengoja watu watawanyike na viti vikusanywe ndipo amfuate mwimbaji nyumbani kwake na bahasha.

Serikali zetu, vyuo vyetu na wafadhili wetu ndio wanaongoja. Humlipia kijana masomo, humvika mzee nishani, na katikati hapo, kwenye ile miaka 20 au 30 ambayo kazi yenyewe hufanyika, humwacha mtu ajitafutie. Hoja yangu ni moja. Kabla ya kuanzisha tuzo nyingine yoyote, nchi za Afrika Mashariki zianzishe ruzuku ya kumpa msanii au msomi aliyekwisha kuonyesha uwezo wake mwaka mmoja wa kuishi na kufanya kazi yake, bila kubebeshwa jambo jingine.

Ruzuku ya namna hii si ndoto. Mwaka 1925 Simon Guggenheim, tajiri wa Marekani aliyewahi kuwa seneta wa Colorado, na mkewe Olga walianzisha mfuko kwa kumbukumbu ya mwana wao John, aliyefariki mwaka 1922. Walianza na dola milioni 3. Mfuko huo haupokei maombi ya wanafunzi. Unamtafuta mtu ambaye tayari ana vitabu, michoro, muziki au tafiti za kuonyesha, unampa fedha za kutosha miezi 6 hadi 12, na haumpangii namna ya kuzitumia.

Matunda yake yanaonekana. Zora Neale Hurston alipoipata ruzuku hiyo mwaka 1936 alikuwa na umri wa miaka 45 na vitabu viwili vimekwisha kutoka. Aliomba fedha za kuchunguza uganga na mizungu ya watu weusi wa visiwa vya Karibi. Akaenda Jamaika, akaenda Haiti, na akiwa Haiti akaandika kwa muda wa wiki saba riwaya ambayo hakuitaja katika maombi yake: Their Eyes Were Watching God, iliyochapishwa mwaka 1937. Ruzuku ikaongezwa mwaka uliofuata, na kitabu cha utafiti wenyewe kikatoka mwaka 1938. Wiki saba ziliitosha riwaya hiyo kwa sababu nyuma yake kulikuwa na miaka mingi ya kusikiliza, kukusanya ngano na kuandika. Kilichokuwa kimekosekana ni nafasi. Mtu wa miaka 22 kama mimi ukimpa nafasi hiyo hiyo utapata wiki saba za usingizi na shairi moja.

Nalisema hili nikijua ninajinyima. Kila hotuba ninayosikia chuoni inaniambia kwamba mimi ndiye taifa la kesho, na mashindano ya uandishi yanayotangazwa kwenye mbao zetu karibu yote yanataka vijana. Sikatai kusaidiwa. Lakini kijana anayeandika anamhitaji mtu mzima anayeandika, wa kumsoma na wa kubishana naye. Sisi tunaosoma Kiswahili hapa Kampala, vitabu vya fasihi tunavyojadili darasani vingi vimetoka Tanzania na Kenya. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Vizuri sana. Watoto hao watasoma nini kilichoandikwa kwa Kiswahili kuhusu Gulu, Mbarara au Jinja? Nani atakiandika, na saa ngapi?

Ninamjua mhadhiri mmoja, na sitamtaja wala kukitaja chuo chake. Ana madaftari manne aliyoyajaza msamiati wa Kiswahili cha madereva wa malori na wabadilishaji fedha wa Busia na Malaba. Hakuna kamusi yenye maneno mengi ya mle. Asubuhi hufundisha chuo kimoja, jioni chuo cha pili, na Jumamosi huchukua basi kwenda kampasi ya tatu, kwa kuwa mshahara wa kwanza haulipi karo za watoto. Madaftari hayo yana umri wa miaka tisa sasa. Mtu huyu hahitaji semina ya kujengewa uwezo. Uwezo anao. Anahitaji kuachwa akae mezani miezi kumi.

Mtu ataniambia kwamba msaada upo. Tuutazame. Kuna Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 na ambayo sasa inaitwa Tuzo ya Safal. Tanzania ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Nazishukuru zote mbili, lakini zote mbili hudai mswada uliokamilika. Humkuta mwandishi amekwisha kuvuka mto, ndipo humpa mtumbwi. Tanzania ina pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ambao hutoa mikopo. Mkopo unamfaa mwenye studio au duka la vinyago, maana biashara yake huingiza fedha kila mwezi. Mtunzi wa riwaya itakayomchukua miaka mitatu atalipa rejesho la mwezi wa kwanza kwa kuuza nini?

Ukitaka kujua Afrika Mashariki imewahi kuwapa waandishi wake muda mrefu wa aina gani, tazama magereza. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, na humo akaandika kwa siri, kwenye karatasi za chooni, mashairi ya Sauti ya Dhiki. Diwani hiyo ikaja kupewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika riwaya yake ya kwanza ya Kigikuyu katika gereza la Kamiti, mwaka 1978, kwenye karatasi za aina ile ile. Hakuna mwenye akili atakayesema jela ni ufadhili. Hata hivyo ni aibu kwamba tukihesabu vitabu vikuu vya ukanda huu vilivyoandikwa na mtu asiye na kazi nyingine ya kufanya, tunaanzia selini.

Walioandika kwa utulivu zaidi, wengi wao walilipwa na wengine. Abdilatif huyo huyo alifundisha miaka mingi Leipzig. Said Ahmed Mohamed alikuwa profesa Bayreuth. Kwa wasomi, mojawapo ya mipango mizuri tuliyowahi kuwa nayo ulianza mwaka 2008 kuwasaidia wanataaluma wa fani za utu wa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda. Fedha zake zilitoka Carnegie Corporation ya New York, na mwenye fedha ndiye aliyepanga mwanzo na mwisho wake. Nao ulilenga zaidi wanaoanza.

Wala tusidhani wenzetu walizipata fedha hizo mbinguni. Familia ya Guggenheim ilitajirika kwa migodi, na mwaka 1906 iliingia ubia na Mfalme Leopold wa Pili katika Forminière, kampuni iliyokuja kuchimba almasi za Kasai nchini Kongo. Sisemi kwamba kila dola ya mfuko wa mwaka 1925 ilitoka Kasai. Nasema kwamba ruzuku hiyo hutolewa kwa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani na Kanada, na mwandishi aliyeko Kananga au Lubumbashi hana ruhusa hata ya kuiomba. Tukiendelea kungoja ya nje, tutangoja mlangoni.

Kuna pingamizi mbili ninazoziheshimu. Ya kwanza ni kwamba shule hazina madawati, hivyo fedha za riwaya ni anasa. Lakini sidai mamilioni ya dola. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi wanachama 8. Mtu mmoja kutoka kila nchi kwa mwaka ni watu 8, kila mmoja akilipwa kiasi cha mshahara wa mhadhiri. Kongamano moja la siku tatu lenye hoteli, fulana na tiketi za ndege linaweza kuzila fedha hizo. Na madawati yakishapatikana, mtoto ataweka juu yake kitabu gani?

Pingamizi ya pili ni upendeleo: ruzuku zitakwenda kwa shemeji wa waziri. Hofu hii ni ya kweli, na dawa yake inajulikana. Mwombaji wa Uganda asomwe na majaji wa Burundi na Kenya, wa Kenya asomwe na wa Kongo na Tanzania. Majina ya majaji na ya washindi yatangazwe pamoja na kazi zilizowapa ushindi. Asiyekuwa na kazi ya kuonyesha asifikiriwe, hata awe nani. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inaweza kuisimamia kwa upande wa lugha na fasihi.

Ikiwa michango ya nchi wanachama itachelewa, kama ilivyo desturi, vyuo visingoje. Kanuni za vyuo vingi zinaitambua likizo ya utafiti. Ipewe fedha, na atafutwe mtu wa kushika vipindi vya anayeondoka. Walimu wetu mnaosoma kurasa hizi, nanyi ndio mnaokaa kwenye vikao vya seneti: idaini likizo hiyo kwa sauti, na msione haya kwamba mnajiombea. Nasi wanafunzi, mwalimu akitangaza kwamba muhula ujao hatakuwepo kwa sababu anaandika, tusiende kumshtaki kwa mkuu wa idara.