Saa Tano na Nusu Usiku, Hakuna Kurudia

SIKIO LA JUMAMOSI
Na Rehema Mbwilo

Usiku wa Oktoba 23, 2004, mwimbaji kijana wa Marekani, Ashlee Simpson, alisimama jukwaani kwa wimbo wake wa pili katika Saturday Night Live, kipindi cha mubashara cha televisheni ya NBC. Maikrofoni ilikuwa bado iko chini, usawa wa kiuno, pale sauti yake ilipoanza kuimba. Tena haikuwa sauti ya wimbo uliotarajiwa. Ilikuwa ya ule aliokwisha kuuimba mapema usiku uleule. Bendi ikababaika, kisha ikaifuata sauti. Mwenyewe akarukaruka kidogo kwa kujikaza, akaondoka jukwaani, na kituo kikakimbilia matangazo ya biashara. Mwisho wa kipindi aliwatupia lawama wapiga vyombo wake. Wengi huikumbuka aibu ile kama doa la kipindi. Mimi naihesabu kuwa stakabadhi. Ndipo mtazamaji alipopata hakika kwamba anachokitazama kinatokea sekunde ileile, wala hakuna mtu mwenye mkasi aliyeketi kati yake na jukwaa.

Kipindi hiki kinajulikana zaidi kwa vichekesho, hasa kwa kuwaigiza marais, lakini leo nimefuata zile dakika chache za muziki. Tangu Oktoba 11, 1975, usiku ambao Billy Preston na Janis Ian waliimba katika toleo la kwanza, utaratibu umebaki karibu uleule. Saa tano na nusu usiku ya New York mitambo hufunguliwa, mgeni hupata nafasi ya nyimbo zake mbili, na kilichotoka mdomoni kimetoka. Ukumbi wenyewe, studio 8H katika jengo la Rockefeller, ni wa enzi za redio. Kuanzia 1937 ndimo Arturo Toscanini alimoongoza okestra ya NBC. Hata wakati huo wakosoaji walilalamika kwamba sauti ya mle ni kavu, haina mwangwi. Kwa hiyo anayesema kwamba wanamuziki husikika vibaya katika Saturday Night Live kuliko kwenye rekodi zao hajagundua jipya, wala sitambishia. Mwenye sauti nyembamba hunyong'onyea mle. La kujiuliza ni kwa nini wasanii wakubwa, wenye fedha za kutengeneza video ya kila namna, wamekwenda huko kwa miaka 50 kuimba katika chumba kisichowabembeleza. Jibu langu ni kwamba chumba kile kinawapa kitu kisichopatikana katika video, nacho ni uwezekano wa kuharibikiwa mbele ya watu. Bila uwezekano huo, hata wimbo ulioimbwa vizuri hauthibitishi lolote.

Chukua kisa cha Elvis Costello. Desemba 17, 1977, alikuwa kijana kutoka Uingereza aliyeletwa kuziba pengo la bendi ya Sex Pistols, waliokwamishwa na viza. Alianza wimbo wake "Less Than Zero", unaomsema Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza. Baada ya mapigo machache akaisimamisha bendi, akawaambia watazamaji kwamba hakuna sababu ya kuupiga wimbo ule, akaingia "Radio Radio", wimbo unaowachapa wenye vyombo vya utangazaji. Ujanja huo hakuubuni yeye. Jimi Hendrix alikuwa amewafanyia BBC jambo kama hilo mwaka 1969, katika kipindi cha mwimbaji Lulu. Costello alifungiwa mlango hadi 1989. Halafu mwaka 1999, kipindi kilipoadhimisha miaka 25, kundi la Beastie Boys wakiwa katikati ya wimbo, Costello alijitokeza akawakatiza, na wote pamoja wakapiga "Radio Radio". Mwenye nyumba aliyemfukuza mgeni kwa kuvunja chungu sasa alikuwa amekitundika kigae sebuleni. Kuna unafiki kidogo hapo, lakini pia kuna kukiri: ile aliyoiharibu Costello ndiyo Jumamosi watu waliyoikumbuka.

Msomaji mkali atanikumbusha mwimbaji Sinéad O'Connor, na ana haki. Oktoba 3, 1992, O'Connor aliimba bila chombo chochote "War" ya Bob Marley, wimbo ambao maneno yake mengi yametoka katika hotuba ya Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963. Alibadili sehemu ya maneno ili ataje udhalilishaji wa watoto, kisha akaichana picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili mbele ya kamera. Katika mazoezi alikuwa ameinua picha ya mtoto tu, na hakuna aliyeshtuka. Safari hii taa inayowaashiria watazamaji wapige makofi haikuwashwa, na studio ikabaki kimya. Kipindi kiliporudiwa baadaye, ilitumika rekodi ya mazoezi. O'Connor hakualikwa tena hadi alipofariki Julai 2023, ingawa kufikia 2009 ripoti za uchunguzi nchini kwake Ireland zilikuwa zimeanika hadharani udhalilishaji wa watoto katika taasisi za Kanisa. Mubashara una uhuru gani basi, ikiwa mwenye kituo anaweza kumfuta mtu? Nasema mubashara haumnyang'anyi mwenye kituo mamlaka yake, unamchelewesha. Mkasi ulifika, ila ulikuta nchi nzima imekwisha kuona. Mwaka 1996 mkasi haukuchelewa kiasi hicho: Rage Against the Machine walitundika bendera za Marekani kichwa chini juu ya vikuza sauti vyao, wafanyakazi wa jukwaani wakazing'oa kabla ya wimbo, na baada ya wimbo mmoja kundi likaondoshwa. Hata hivyo mtazamaji aliyezoea nyimbo mbili alihesabu moja.

Yupo pia atakayesema neno mubashara lenyewe limetiwa chumvi, maana kwa miongo mingi watu wa pwani ya magharibi ya Marekani waliona kipindi hicho saa tatu baadaye, kikiwa rekodi, mpaka 2017. Kweli. Lakini waliona kosa lilelile lililofanywa New York.

Hoja nzito zaidi inatuhusu sisi huku. Katika televisheni za Afrika Mashariki, msanii kualikwa, kushika maikrofoni na kuiacha CD iimbe ni mazoea, ndiyo maana "pleibeki" ni neno la mtaani. Watetezi wake husema kupiga laivu ni ghali: kunahitaji ngoma, fundi wa sauti, siku ya mazoezi. Husema pia kwamba muziki wa sasa hutengenezwa kwenye kompyuta, na kuudai bendi ni kuuonea. Gharama naikubali, si kila kituo ni NBC. Hili la kompyuta linanishinda kidogo, kwa sababu kinachodaiwa si bendi. Ni sauti ya mtu. Mei 10, 1986, miezi michache kabla ya albamu ya Graceland kutoka, Ladysmith Black Mambazo wa Afrika Kusini waliimba na Paul Simon katika studio ileile. Sanaa yao ya isicathamiya haihitaji hata gitaa. Huanza kooni na kuishia kwenye nyayo. Hao wangeweza kuimba laivu katika kituo maskini kuliko vyote tulivyo navyo. Anayeshindwa kuimba mstari mmoja bila CD hana tatizo la bajeti.

Tofauti moja inaniudhi katika kumbukumbu hizi zote. Aliyethubutu alisubiri zaidi ya miaka 11, au hakurudi kabisa. Aliyebanwa na rekodi alisubiri mwaka mmoja tu. Oktoba 2005 Ashlee Simpson alirudi studio 8H na nyimbo mbili. Safari hii maikrofoni ilikuwa mdomoni.