Gesi ya kupikia Kigali: Bei hutangazwa kwa kilo, lakini nani huipima kilo hiyo?

Rwanda ilipoweka kwa mara ya kwanza bei ya kikomo ya gesi ya kupikia, mwezi Desemba mwaka 2021, ilikusudia kumkinga mnunuzi dhidi ya kupandishiwa bei kiholela. Kwa kaya za Kibagabaga na vitongoji vingine vya mji mkuu, kinga hiyo ina maana pale tu kilo inayouzwa inapokuwa kilo kamili.

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, familia hupiga hesabu ya mafuta ya kupashia nyumba joto kabla ya theluji kuanguka. Kigali, mji wa vilima ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, hauna msimu wa namna hiyo. Moto wa nyumbani hapa ni moto wa jikoni, nao huwaka mwaka mzima. Kwa hivyo bei ya nishati haimpi mwenye nyumba nafasi ya kungoja ishuke. Chakula hupikwa leo.

Kibagabaga, katika tarafa ya Kimironko wilayani Gasabo, ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili. Nyumba kubwa zenye kuta na mageti zimepakana na vyumba vya kupanga, na si ajabu mtungi wa gesi na jiko la mkaa kukutwa katika ua mmoja. Mwenye kipato huhesabu mitungi kwa mwezi. Jirani yake huhesabu mkaa kwa siku.

Serikali nayo ina lengo lake. Katika mipango yake ya maendeleo ilikusudia kupunguza sehemu ya kaya zinazotegemea kuni na mkaa kwa njia za kale hadi asilimia 42 ifikapo mwaka 2024. Mwaka 2020, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 20 kwa ajili ya upishi safi nchini humo, mradi uliolenga kuwafikia watu milioni 2.15. Sera inamtaka mwananchi auache mkaa. Swali ni iwapo huko anakoelekea atahudumiwa kwa haki.

Bei huanzia mbali

Gesi inayouzwa kwenye mitungi huagizwa kutoka nje. Bei yake ya msingi kwa soko la Afrika Mashariki hufuata kwa kiasi kikubwa bei inayotangazwa kila mwezi na kampuni ya mafuta ya Saudi Arabia, Aramco, nayo hulipwa kwa dola. Juu yake huongezwa nauli ya meli, gharama za bandari, na safari ya barabarani: takriban kilomita 1,500 kutoka Dar es Salaam, na zaidi ya kilomita 1,600 kutoka Mombasa kupitia Uganda.

Kila kiungo cha mnyororo huo huweza kuutikisa mfuko wa mpishi. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa mwezi Februari 2019, na haukufunguliwa tena hadi tarehe 31 Januari 2022. Mwaka 2023 faranga ya Rwanda ilipoteza takriban asilimia 18 ya thamani yake dhidi ya dola. Hata bei ya dunia isipopanda, faranga inapodhoofika mtungi huwa ghali.

Wapo wanaouliza kwa nini gesi ya Ziwa Kivu haijafika jikoni. Gesi hiyo ni methani, na hadi sasa matumizi yake makubwa ni kuzalisha umeme. Mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 ulianza kazi rasmi mwaka 2016. Mkataba wa dola milioni 400 na kampuni ya Gasmeth, uliotiwa saini mwaka 2019, ulilenga kuisindika kwa matumizi ya majumbani na viwandani. Lakini methani huhitaji mitungi na vichomeo tofauti na vinavyotumika sasa. Si bidhaa ya kubadilisha leo kwa kesho.

Hesabu ya kilo moja

Mamlaka ya udhibiti wa huduma za umma, RURA, ilipotangaza kikomo hicho iliweka bei ya faranga 1,260 kwa kilo. Kwa bei hiyo, mtungi wa kilo 12 uligharimu faranga 15,120. Bei zimebadilika tangu wakati huo, lakini hesabu yake bado inafunza.

Mtungi huo ukipungua kilo moja tu, mnunuzi analipa faranga 15,120 kwa kilo 11. Kilo moja inamgharimu karibu faranga 1,375, yaani asilimia tisa juu ya kikomo. Hakuna bango lililobadilishwa, hakuna tangazo lililokiukwa, na mnunuzi atajua tu pale moto utakapozimika siku mbili tatu kabla ya wakati wake. Udhibiti wa bei usioambatana na udhibiti wa uzito huacha mlango wa nyuma wazi.

Dawa yake ni mizani. Kila mtungi halali hupigwa chapa ya uzito wake ukiwa mtupu. Mtungi mtupu wa kilo 14 uliojazwa kilo 12 za gesi hauna budi kupima kilo 26. Muuzaji anayepima mbele ya mteja bila kuombwa amejibu nusu ya maswali. Kwa wanaoletewa mtungi nyumbani, tatizo ni kubwa zaidi: anayeupokea getini mara nyingi ni mfanyakazi wa ndani, ambaye hana mizani, wala mamlaka ya kuukataa.

Mizani hiyo hiyo husaidia kulinganisha gesi na mkaa. Kwa makadirio ya kawaida ya wataalamu wa nishati, kilo moja ya gesi hutia ndani ya sufuria joto linalokaribia la kilo nne za mkaa katika jiko la kawaida, au kilo tatu katika jiko lililoboreshwa kama canarumwe. Gesi ikiuzwa faranga 1,260 kwa kilo, mkaa wa zaidi ya faranga 315 kwa kilo tayari ni ghali kuliko gesi kwa mwenye jiko la kawaida. Kwa mwenye jiko bora, mpaka huo ni faranga 420. Ugumu ni kwamba mkaa huuzwa kwa gunia na kwa kopo, si kwa kilo, hivyo ughali wake haujitokezi.

Mtungi ni wa nani?

Kumchagua muuzaji wa gesi si sawa na kumchagua muuzaji wa viazi. Pamoja na gesi, mnunuzi huingiza nyumbani chombo chenye shinikizo kubwa, na ni lazima awepo wa kukiwajibikia.

Kenya ilijifunza somo hilo kwa machungu. Kwa miaka kadhaa kampuni zililazimika kupokeana mitungi, hata mteja aliweza kubadilisha mtungi wa kampuni yoyote kwa mwingine. Ilimpa uhuru, lakini ilififisha wajibu: mtungi mbovu ulikosa mwenyewe. Kanuni za mwaka 2019 ziliufuta utaratibu huo, na ujazaji wa mtungi ukahitaji idhini ya mwenye chapa. Hata hivyo ujazaji haramu haukukoma. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mlipuko katika kituo cha gesi kisicho na leseni huko Embakasi, Nairobi, uliua watu kadhaa na kujeruhi mamia.

Rwanda nayo imeufuata mwelekeo wa mtungi kubaki chini ya chapa yake. Faida ni usalama: mwenye chapa ndiye wa kukagua vali na kuondoa mtungi uliochakaa. Hasara ni kwamba mteja hufungwa. Akishalipia mtungi wa kampuni moja, kuhama kunamgharimu mtungi mpya. Ndiyo maana uamuzi wa kwanza ni mzito kuliko tofauti ya faranga mia mbili kwenye bango. Rahisi, walisema wahenga, huvunja upishi.

Anayenunua kidogo kidogo

Kikomo cha bei hakimgusi kabisa asiye na uwezo wa kutoa fedha za mtungi kwa mkupuo. Mkaa wa kopo humruhusu kupika kwa alichopata siku hiyo. Kampuni ya Bboxx ilijaribu kuziba pengo hilo mjini Kigali kwa mtungi wenye kifaa cha kupimia, ambapo mteja hulipia kwa simu kiasi anachotumia.

Mfumo wa aina hiyo una mtego wake. Kampuni ya Inyenyeri ya Gisenyi iliwapa wateja majiko ya kisasa na kuwauzia vitonge vya kuni vya kuyawashia, ikasifiwa nje na ndani ya nchi, kisha ikafunga kazi karibu na mwaka 2020. Jiko linalotegemea nishati ya muuzaji mmoja hudumu kadiri muuzaji huyo anavyodumu.

Kwa mkazi wa Kibagabaga, basi, maswali ya kumwuliza muuzaji ni machache na ya wazi: leseni iko wapi, mizani iko wapi, lakiri ya mtungi ni nzima, na ni nani atakuja iwapo vali itavuja usiku. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, ikingoja cheche.

Lakini mnunuzi hawezi kubeba mzigo huo peke yake. Dola iliyomtaka auache mkaa ina deni kwake: kuikagua mizani kwa bidii ile ile inayotumika kutangaza bei. Kaya inayopunjwa kilo hairudi kulalamika. Hurudi kwenye mkaa, na msitu hulipa tofauti.