Mfanyakazi naye aijue kodi yake

Mwezi Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia utozaji wa kodi, kama walivyofanya Mei 2023. Sauti yao ilisikika nchi nzima. Lakini karani na muuzaji walioajiriwa katika maduka hayo, wakiwamo vijana wetu wa Unguja na Pemba, hawana duka la kufunga. Kodi yao hukatwa kabla mshahara haujafika mkononi, na wengi hawajui imehesabiwaje.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyowekwa mwaka 2021, shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi kitu. Zinazozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, na zinazofuata hadi 760,000 hutozwa asilimia 20. Ila mchango wa mfanyakazi katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii hutolewa kwanza, ndipo kodi ihesabiwe.

Tuchukue mshahara wa shilingi 600,000. Mchango wa asilimia 10 ni 60,000. Zinabaki 540,000, na kodi yake ni 24,000. Mwajiri akianza na 600,000 kamili, atakata 36,000. Mfanyakazi atakuwa amepunjwa shilingi 12,000 kila mwezi, yaani 144,000 kwa mwaka. Kwa mtu mwenye wazazi na watoto ng'ambo ya bahari, fedha hizo si kidogo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya mshahara na makato yake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka huo huo inamtaka aiwasilishe kodi aliyokata ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Basi anayedai karatasi yake haombi hisani, anadai haki.

Maofisa wa Serikali nao wana wajibu. Wanapoingia Kariakoo wasikague stakabadhi za mauzo peke yake. Wakague na hati za mishahara. Kodi iliyokatwa kwa mfanyakazi ikaishia mfukoni mwa mwajiri imeibiwa Taifa, na jasho la mnyonge limepotea bure.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu mfanyakazi, daftari lako ni ile karatasi ya mshahara. Idai, isome, na uihesabu mwenyewe.