Kabla Ununue Rimu, Angalia Bushi za Raki

Wacha niseme wazi ndio tusisumbuane huko mbele: kama ndai yako imepita miaka 15, na doo ya kwanza uliyoitoa ilienda kwa rimu, ekzosi ama spoila, umepaka nyumba rangi na msingi bado umepasuka. Najua nitaambiwa nina wivu. Sawa, lakini wivu wangu una maswali.

Swali la kwanza. Ukiwa spidi ya 100 na ugeuze usukani kidogo, gari linafuata mkono wako saa hiyo hiyo, ama linafikiria kwanza? Kama linafikiria kwanza, tafadhali usiniambie "hiyo ni kawaida ya gari mzee." Hiyo sentensi ndiyo ugomvi wangu leo. Imetetea uvivu wa mafundi na uvivu wetu sisi wenye magari kwa miaka mingi sana.

Tuelewane kwanza hii mashine inafanyaje kazi. Raki ya stiringi ni kama bomba refu la chuma lililolala kwa upana karibu na injini. Ndani yake kuna chuma chenye meno. Ukizungusha usukani, gia ndogo inasukuma hicho chuma kushoto ama kulia, nacho kinavuta na kusukuma tairodi mpaka magurudumu yageuke. Hapo hakuna uchawi. Lakini hilo bomba lenyewe lazima lishikwe na kitu. Kwa magari mengi limefungwa kwa bolti kwenye ule mwamba wa chuma ambao mafundi wanauita krosmemba, na kati ya chuma na chuma kunakaa raba. Hizo raba ndizo bushi za raki.

Raba ikiwa nzima, raki inatulia na nguvu yote ya mkono wako inafika kwa gurudumu. Raba ikichoka, unageuza usukani na raki yenyewe ndiyo inahama kwanza. Inateleza kando, inabana raba mpaka ikose pa kwenda, ndipo gurudumu linapata habari. Wewe kwa kiti unasikia usukani mlegevu pale katikati, gari linatangatanga kwa leni, na ukiingia kwa shimo unasikia "go-go" kutoka chini. Kwa spidi ya 100 gari linakula karibu mita 28 kila sekunde. Chochote kinachochelewa kwa usukani unakilipia kwa mita, na mbele yako ni nduthi imebeba watu wawili.

Sasa tuongee kuhusu Subaru, kwa sababu hao ndio wenye kelele zaidi. Impreza ilishinda Safari Rally 1997 na Colin McRae, na 2000 na Richard Burns. Tangu hapo kila mtu mwenye Impreza ama Forester mtaani anajiona ni wa ukoo huo. Poa, ni historia tamu. Lakini gari la ralli lina mafundi wanaolilalia chini kila siku ya mashindano. Lako mara ya mwisho mtu kuliangalia chini, si kulipiga picha, ilikuwa lini?

Na Subaru za miaka hiyo zina shida yao. Raki inakaa kwa krosmemba, chini ya injini. Injini yenyewe imelala, na kwa umri huo mara nyingi inavuja oili kwa vifuniko vya valvu. Hiyo oili inaenda wapi? Chini. Oili na raba hazijawahi kuwa marafiki: raba inavimba, inalainika, inakuwa kama ugali uliozidi maji. Kwa hivyo unakuta jamaa amenunua ekzosi inayoamsha mtaa mzima saa tano usiku, na raki yake inaelea kwa uji.

Wale wa Corolla na Fielder msicheke. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe. Lakini likishaingia linaishi hapa hadi wajukuu. Gari la 2004 lililofika hapa kabla ya miaka hiyo minane kuisha limeshapita miaka 20, na huenda bado linabeba raba zile zile za kiwandani Japani. Joto la injini limezikausha, mashimo yetu yamezitwanga, na hakuna mtu amewahi kuzitaja, kwa sababu hazing'ai.

Kuna pahali hili jambo liliniuma binafsi. Gari la mathe lilianza kugonga mbele. Yeye huamka saa tisa usiku kuenda Marikiti kuchukua mboga, kwa hivyo hilo gari si la kuringa, ndilo linalipa kodi ya nyumba. Tukaenda gereji fulani, jina nabaki nalo. Jamaa akatikisa usukani mara mbili dirishani na kusema, "Mathe, raki imekufa. Leteni ingine ya ex-Japan." Hakuinama hata kidogo. Bei aliyotaja ingemeza karo ya muhula ya sista yangu. Nilimwambia aingie chini anionyeshe, akasema ana kazi nyingi. Tukaondoka.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa jua kali, hana hata bango. Alilala chini kwa katoni, akaniambia, "Kijana, washa injini, cheza na usukani polepole." Kisha akaniita nije nione kwa macho yangu: bomba la raki lilikuwa linacheza kushoto na kulia ndani ya klampu kama jino la mtoto. Raki yenyewe ilikuwa kavu, haivuji tone. Alibadilisha bushi, akatutuma kwa alaimenti, na kelele ikaisha. Tulilipa pesa ambayo mathe aliitoa kwa leso, si kwa mkopo wa chama.

Ndio maana nasema hii si hadithi ya magari pekee. Ni nani anafaidika wewe usipojua bushi ya raki ni nini? Yule anayekuuzia raki nzima. Na ile raki ya ex-Japan nayo imetoka kwa gari lingine mzee. Mara nyingi inakuja na bushi zake zilizochoka, ama unafungiwa kwa zile zako zilizokufa. Umelipa pesa ndefu kununua kelele ile ile.

Kujipima ni rahisi. Gari likiwa tambarare, magurudumu yote chini, handibreki juu na mawe kwa magurudumu, mwambie rafiki awashe injini na azungushe usukani kidogo kidogo kulia na kushoto. Wewe angalia raki kutoka pale unapoona bila kuingiza kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Jeki si rafiki, imeua watu. Kama nyumba ya raki inahama ukilinganisha na chuma ilichofungiwa, umepata jibu. Kama imetulia, shida iko kwingine: tairodi, boljointi, ama bushi za mikono ya chini. Na kama raki inavuja ndani ama meno yamelika, hapo kweli imekufa, na fundi anayekuambia hivyo baada ya kukuonyesha hajakuibia.

Sasa wale wa "apgredi." Nawapenda, lakini pia nyinyi mna upuuzi wenu. Kuna chaguo tatu. Raba mpya kama ya kiwandani: laini, kimya, inafaa watu wengi. Poliyurethani: ngumu zaidi, haisumbuliwi sana na oili, usukani unakuwa mkali, lakini utasikia barabara zaidi mikononi. Na kwa raki poli ina maana zaidi kuliko pahali pengine, kwa sababu raki haitakiwi kuzunguka ndani ya bushi yake vile mkono wa chini hufanya. Kampuni kama Whiteline ya Australia zinauza hizo za Subaru, na kwa gari mzee la kuendeshwa kila siku ni apgredi ya maana. Ya tatu ni alumini tupu. Hiyo ni ya uwanja wa mashindano, mahali lami ni kama meza. Ukiiweka kwa gari la kupita mashimo ya mtaa wetu, kila kishindo kinaenda moja kwa moja kwa bolti, kwa krosmemba na kwa vidole vyako. Aliyekuuzia hiyo kwa gari la kuenda job alikuona na pesa, hakukuona na barabara.

Najua mtaniambia alaimenti ingetosha. Haitoshi. Alaimenti inapimwa gari likiwa limesimama. Kama raki inahama gari likitembea, ile pembe uliyolipia inabadilika ukifika kona ya kwanza, na tairi zinalika upande mmoja. Halafu unalaumu tairi. Bushi kwanza, alaimenti baadaye, kwa mpangilio huo. Na bolti zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, si kwa nguvu ya chakula cha mchana.

Mtaniambia pia pesa ni yako, style ni yako. Kabisa. Lakini barabara si yako peke yako. Rimu zako haziwezi kumgonga mtu anayevuka pale stage. Usukani wako unaweza.

Kwa hivyo sisemi usinunue rimu. Nasema zipange foleni. Mbele simamisha breki, tairi, bushi na kila kitu kinachoshika usukani. Nyuma ya hapo weka rangi, muziki na mataa ya zambarau, nitakuja mwenyewe kukupiga picha. Na fundi akikuambia "raki imekufa," mjibu kwa heshima, neno moja tu: "Nionyeshe." Akikataa kuinama, beba funguo zako uende.