*TAMKO LA TAWI: VISIMA VYETU VIPIMWE NA MIONZI*



Kisima kinapochimbwa, tunauliza maswali mawili: maji ni mengi? Yana chumvi? La tatu hatuliulizi: mwamba umeyatia nini?

Miamba ya granaiti ina urani kidogo kwa asili yake. Urani ikivunjika huzaa radiamu, ambayo inaweza kuingia kwenye maji ya chini ya ardhi. Haina rangi, harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Mwilini hukaa kwenye mifupa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa radiamu-226 ni bekereli 1 kwa lita.

Hatusemi maji ya Suguti ni mabaya. Tunasema yapimwe. Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC) ipo kwa Sheria Na. 7 ya 2003. Kazi hii ni yake. Mwamba hautozwi faini, lakini Serikali inaweza kuamua kisima kipi ni cha kunywa na kipi ni cha kufulia tu.

Tunataka:
1. RUWASA ipeleke TAEC sampuli za kila kisima cha umma katani.
2. Majibu yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji.
3. Kisima kitakachozidi kiwango kisifungwe kabla wananchi hawajapata maji mengine. Kina mama wasirudishwe kwenye madimbwi.

Viongozi wa mashina, ajenda hii iingie mkutano ujao wa kijiji. Msisambaze hofu, sambazeni madai.

*Uongozi wa Tawi, Suguti*