Kura bila idhini ya jirani haitawapa Wakurdi dola

WAKENYA wengi walilisikia jina la Wakurdi kwa mara ya kwanza mnamo Februari 1999, pale kiongozi wa chama cha PKK, Abdullah Ocalan, aliponaswa jijini Nairobi. Alikuwa amehifadhiwa kwa siku kadhaa katika makazi ya balozi wa Ugiriki. Mnamo Februari 15, akiwa njiani kuelekea uwanja wa ndege, alijipata mikononi mwa majasusi wa Uturuki. Alisafirishwa hadi nchini humo na baadaye kuhukumiwa kifo, adhabu iliyogeuzwa kuwa kifungo cha maisha mwaka wa 2002.

Miaka 26 baadaye, mnamo Februari 27, 2025, mfungwa huyo huyo aliwataka wafuasi wake waweke silaha chini na kukivunja chama. Mei mwaka huo PKK ikatangaza kwamba imejivunja, na mnamo Julai 11 kundi la kwanza la wapiganaji likateketeza bunduki zao hadharani katika eneo la Sulaymaniyah, kaskazini mwa Iraq. Mapigano yaliyoanza mwaka wa 1984 na kuangamiza zaidi ya watu 40,000 hayakuwa yamewapatia Wakurdi dola.

Je, ni kwa nini jamii inayokadiriwa kuwa na watu kati ya milioni 30 na 40, wenye lugha na ardhi ya mababu zao, haina kiti katika Umoja wa Mataifa, ilhali visiwa vya Tuvalu vyenye wakazi wasiozidi 15,000 vina kiti?

Jibu lililozoeleka ni kwamba Wakurdi walisalitiwa na mataifa makubwa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Mkataba wa Sèvres wa mwaka wa 1920, uliotiwa sainiwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, uliwafungulia mlango wa kujitawala na hata kuwa huru. Mkataba wa Lausanne wa mwaka wa 1923 ulioziba pengo lake haukuwataja kamwe. Wakurdi hawakuwa na ujumbe wao mezani, na wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Ardhi yao ikabaki imegawanyika baina ya Uturuki, Iran, Iraq na Syria.

Usaliti haukukomea hapo. Jamhuri ya Mahabad, iliyotangazwa nchini Iran mnamo Januari 1946 chini ya kivuli cha majeshi ya Kisovieti, haikumaliza mwaka baada ya majeshi hayo kuondoka. Kiongozi wake, Qazi Muhammad, alinyongwa mnamo Machi 1947. Mwaka wa 1975, Shah wa Iran na Saddam Hussein walipopatana mjini Algiers kuhusu mpaka wao, msaada uliokuwa ukiwafikia wapiganaji wa Kikurdi wa Iraq ulikatizwa ghafla na uasi wao ukasambaratika. Mnamo Machi 1988, utawala wa Saddam ulirusha gesi ya sumu katika mji wa Halabja na kuua takriban watu 5,000.

Hata hivyo, lawama kwa wakubwa wa dunia hazitoshi kueleza yaliyotokea mwaka wa 2017. Wakati huo Wakurdi wa Iraq walikuwa na serikali ya jimbo, bunge, jeshi la Peshmerga na mafuta. Katiba ya Iraq ya mwaka wa 2005 ilikuwa imelitambua jimbo lao na kukifanya Kikurdi kuwa lugha rasmi sawia na Kiarabu. Isitoshe, walikuwa wamesifiwa kote duniani kwa kupambana na kundi la Islamic State.

Basi mnamo Septemba 25, 2017 wakapiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 92 ya waliopiga wakaunga mkono uhuru. Kwa hesabu za debeni, ushindi ulikuwa wa kishindo. Wiki tatu baadaye, majeshi ya Baghdad yaliutwaa mji wa Kirkuk pamoja na visima vya mafuta vilivyo karibu nao. Safari za ndege za kimataifa kuelekea Erbil na Sulaymaniyah zilipigwa marufuku kwa miezi kadhaa. Uturuki na Iran zikasimama na Baghdad, Marekani ikakataa kuitambua kura hiyo, na Rais wa jimbo, Masoud Barzani, akang'atuka mwanzoni mwa Novemba.

Linganisha hayo na yaliyojiri karibu na kwetu. Mnamo Januari 2011, raia wa Sudan Kusini walipiga kura na karibu asilimia 99 wakachagua kujitenga. Mnamo Julai 9 mwaka huo bendera yao ikapandishwa Juba. Tofauti haikuwa ukubwa wa ushindi, wala haikuwa uzito wa mateso. Kura ya Juba ilitokana na mkataba uliotiwa sainiwa Nairobi mnamo Januari 9, 2005, baada ya mazungumzo marefu chini ya IGAD yaliyosimamiwa na Jenerali Lazaro Sumbeiywo. Khartoum yenyewe ilikuwa imekubali, kwa maandishi, kwamba kura hiyo ipigwe.

Huenda msomaji akauliza: si dhuluma kumwomba anayekukandamiza ruhusa ya kuondoka? Ni dhuluma, naam. Lakini idhini ya aina hiyo haitolewi kama sadaka. Khartoum ilikubali baada ya zaidi ya miaka 20 ya vita, huku majirani wa Sudan na mataifa ya Magharibi wakiisukuma kuelekea upande mmoja. Wakurdi hawana IGAD yao. Kila moja ya nchi nne zinazowatawala inahofia kwamba kitakachotolewa upande mmoja wa mpaka kitadaiwa upande wa pili. Ndiposa serikali zinazozozana kwa mengi huafikiana upesi pale suala la Wakurdi linapozuka.

Fauka ya hayo, jiografia nayo ina usemi wake. Kurdistan haina bahari. Mafuta ya kaskazini mwa Iraq husafirishwa kwa bomba hadi bandari ya Ceyhan nchini Uturuki. Bomba hilo lilipofungwa mnamo Machi 2023 kutokana na kesi ya usuluhishi baina ya Baghdad na Ankara, mapato ya Erbil yalididimia, na mafuta hayakuanza kupita tena hadi Septemba 2025. Hata Sudan Kusini yenye bendera na wimbo wa taifa ililazimika kusitisha uzalishaji wa mafuta mwanzoni mwa 2012 kwa sababu ya mzozo na Khartoum kuhusu ada za kuyapitisha. Jirani anayemiliki njia ya kuelekea baharini ana sauti katika hazina yako, uwe dola au usiwe.

Wakurdi wenyewe pia hawawezi kukwepa lawama. Vyama vya KDP na PUK vilipigana wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1994 hadi 1998, na mwaka wa 1996 KDP ikaliita jeshi la Saddam kuisaidia kuitwaa Erbil, miaka minane tu baada ya Halabja. Kirkuk ilipoanguka mwaka wa 2017, baadhi ya vikosi vilivyoegemea PUK viliondoka bila mapigano makubwa. Sudan Kusini, iliyotumbukia vitani mnamo Desemba 2013, ni onyo kwamba bendera haiponyi migawanyiko ya aina hiyo.

Kwa mintarafu hii, wito wa Ocalan haupaswi kusomwa kama kusalimu amri pekee. Mnamo Machi 2025, kamanda wa Wakurdi wa Syria, Mazloum Abdi, naye alitia saini mkataba wa kuziunganisha taasisi zake na dola ya Damascus. Madai yamehama kutoka kwa mipaka mipya hadi haki ndani ya mipaka iliyopo: lugha shuleni, uwakilishi na usalama.

Kama haki hizo zitatolewa kwa dhati, kijana wa Diyarbakir hatakuwa na sababu ya kupanda milimani kama babake. Zikigeuka ahadi hewa kama zile za Sèvres, bunduki zilizoteketezwa Sulaymaniyah zitapata mbadala. Mzigo wa kuthibitisha sasa uko Ankara, Damascus, Baghdad na Tehran.